Bibi harusi anataka kuacha mkorogo, send-off ni baada ya wiki kumi: aanzie wapi?

Mtunza_Maharusi

Habari za humu wadau. Swali langu linawahusu wapambaji, makungwi na watu wa dawa au ngozi.

Kuna bibi harusi wa aina moja anayekuja karibu kila msimu. Zimebaki wiki kumi. Uso mweupe lakini mashavuni vimishipa vyekundu vinaonekana, vifundo vya vidole vimegoma na weusi wao, viwiko na magoti ndiyo usiseme. Ile "uso Fanta, miguu Coca" yenyewe. Anachopaka ni mkorogo wa kujichubua, uko kwenye kopo la losheni lisilo na lebo, alikorogewa dukani. Yeye mwenyewe anataka kuacha. Nyumbani wanamwambia amalize shughuli kwanza, asije akaonekana amefubaa mbele ya wakwe.

Naomba majibu ya vitendo. Akiacha leo ngozi itafanya nini, na lini? Kuna kuacha kwa salama na kuacha kwa hatari? Siku ya shughuli apambwe vipi? Na singo, ule msuguo wa mwili kwa maua na manukato, afanyiwe au aachwe? Mawaidha ya "jipende ulivyo" tunayo ya kutosha, hayo wekeni pembeni.

Kaunta_ya_Dawa

Kabla hujamwambia aache, jua alikuwa anapaka nini, maana mkorogo si kitu kimoja. Kwa kawaida ndani yake kuna viwili au vyote vitatu kati ya hivi.

Haidrokwinoni inazuia ngozi kutengeneza rangi yake. Krimu yake ikikaa wazi hugeuka kahawia, kama chai ya maziwa iliyosahauliwa mezani, na hiyo ni dalili ya kuitambua hata bila lebo. Ikipakwa muda mrefu huku mtu anatembea juani, huleta okronosisi: madoa ya bluu nyeusi mashavuni, puani na pembeni mwa paji, ukipapasa unahisi vipunje. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Doa likitokea anaongeza dozi ili alifute, kumbe dozi ndiyo inayolilisha doa. Afrika Kusini ilipiga marufuku haidrokwinoni kwenye vipodozi mwaka 1990 baada ya kuyaona madoa hayo kwa wingi. Uwekundu na weusi wa kawaida huisha, lakini okronosisi haiondoki kwa kuacha tu, na hata leza huipunguza kwa baadhi ya watu, si wote.

Zebaki iko zaidi kwenye sabuni na krimu za njia za panya. Kwenye kasha tafuta mercury, mercurio, calomel, mercuric iodide au herufi Hg. Kama viambato havikuandikwa kabisa, soma maonyo: krimu inayokukataza isiguse pete ya dhahabu, fedha au aluminiamu ina jambo, kwa sababu zebaki hula madini hayo. Kwenye ngozi inapenya hadi kwenye figo. Madaktari wa Nairobi waliandika tangu 1972 kuhusu wagonjwa wa figo waliokuwa wakipaka krimu za kung'arisha zenye zebaki. Dalili za nyumbani ni macho kuvimba asubuhi, miguu kujaa, na mkojo wenye povu lisilokatika. Zebaki haikai kwa mpakaji peke yake. Inahamia kwenye taulo, shuka na mikono inayomshika mtoto.

Cha tatu ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi, na hiki ndicho kinachofanya kuacha kuwe kugumu. Mara nyingi ni ile tyubu ndogo iliyoandikwa clobetasol propionate 0.05%. Hiyo ni ya daraja la juu kabisa la nguvu. Maelekezo ya kitabibu ni wiki mbili mfululizo, isizidi gramu 50 kwa wiki, na usoni isiguse. Sasa piga hesabu ya kopo. Tuseme muuzaji ametia tyubu mbili za gramu 30 kwenye losheni ya mililita 400, na kopo linaisha wiki tatu. Hizo ni gramu 20 kwa wiki, chini ya kikomo, na ndiyo hesabu ambayo wauzaji wanajitetea nayo. Lakini kwa mwaka ni zaidi ya kilo moja ya dawa iliyoruhusiwa siku 14, tena imepakwa usoni, kwapani na kwenye kinena, sehemu zinazonyonya sana.

Matokeo yake: ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, michirizi mipana mapajani na kwapani, chunusi za ghafla, nywele kidevuni, fangasi wanaoenea bila kuonekana kama fangasi. Shinikizo la damu na sukari hupanda kwa baadhi. Na kidonda kinachelewa kufunga, kwa hiyo akipelekwa kujifungua kwa upasuaji, nyuzi zinashika mahali pasipo na nguvu. Daktari lazima aambiwe kabla ya kisu, siyo baada.

Kuhusu kuacha:

Kama amepaka chini ya mwezi, au usoni tu, aache moja kwa moja.

Kama ni miezi mingi na mwili mzima, aende kwanza kwa daktari wa ngozi au wa magonjwa ya ndani, tena aende na kopo lake. Mwili uliozoea steroidi ya nje unaweza kuwa umelegea kutengeneza homoni yake wenyewe ya aina hiyo. Kipimo ni cha damu, kinaitwa kotisoli, na kinachukuliwa asubuhi, karibu saa 2, kwa sababu wakati huo ndipo kiwango huwa juu. Daktari anaweza kumshusha kwa krimu dhaifu kama haidrokotisoni 1% kwa ratiba. Asishuke kwa kupunguza mkorogo wenyewe, eti leo kijiko, kesho nusu: kopo halina kipimo, juu na chini hazifanani.

Dalili za kukimbia hospitali siku hiyohiyo baada ya kuacha: kizunguzungu akisimama, kutapika kusikokoma, uchovu wa kushindwa kuinuka, jasho la baridi. Hiyo si "sumu inatoka" kama wanavyosema mitaani. Ni mwili umeishiwa homoni, na huua.

Mkojo apime siku ya kwanza, kile kijiti cha protini kinachopatikana hata zahanati. Protini ikionekana, ataje zebaki kwa daktari waziwazi, asisubiri kuulizwa.

Mtunza_Maharusi

Asante sana mkuu. Na kalenda? Ngozi itaonekanaje wiki ya pili, ya nne, ya kumi?

Kaunta_ya_Dawa

Kwa mwenye steroidi: siku chache hadi wiki mbili baada ya kuacha uso unawaka, unawasha, unakuwa mwekundu, vipele vya usaha vinajitokeza kuzunguka mdomo. Kwa waliopaka kidogo hutulia ndani ya wiki kadhaa, waliopaka miaka wanaweza kwenda miezi. Hiki ndicho kipindi ambacho wengi hurudi dukani, maana wakipaka tena unatulia kwa usiku mmoja, wanasema "umeona, ngozi yangu haiwezi bila hii".

Rangi inaanza kurudi kati ya wiki ya pili na ya nne, lakini kwa mabaka, na mara nyingi inapita kidogo weusi wake wa asili kabla ya kukaa sawa. Kukaa sawa ni miezi mitatu hadi sita. Kwa hiyo wiki kumi zinatosha kwa moto kuzimika kwa wengi, hazitoshi kwa rangi kulingana. Mpambaji apange kwa ngozi yenye mabaka iliyotulia. Hiyo ni bora mara kumi kuliko ngozi nyeupe inayochanika.

Matunzo ya kipindi hicho ni machache na hayana raha: maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo na manukato, mafuta ya mgando yasiyo na harufu mara mbili kwa siku, na kinga ya jua SPF 30 au zaidi. Kipimo cha kinga ya jua ni mistari miwili ya krimu, mmoja juu ya kidole cha shahada na mmoja juu ya cha kati, kutoka shina hadi ncha, kwa uso na shingo. Watu wengi wanapaka robo ya hapo halafu wanasema haifanyi kazi. Kama anashinda nje, arudie kila saa mbili. Iliyotiwa rangi ya udongo ni bora kwa ngozi nyeusi kwa kuwa oksidi ya chuma iliyomo inazuia pia mwanga wa kawaida, ambao nao huongeza mabaka. Mtandio mpana na upande wa kivuli barabarani ni kinga pia.

Jambo moja la pembeni: ile krimu ya kinga ya jua ya Kilisun inayotengenezwa Moshi, hospitali ya KCMC, imetengenezwa kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Tusianze kuitafuta kwa njia za mkato. Inatosha kwamba tunatumia hela kuondoa rangi, kinga ambayo wao wanaililia.

Brashi_na_Poda

Upande wa upambaji nitaongeza yale yanayoharibu siku.

Rangi ya faundesheni isipimwe shavuni. Shavu la mkorogo linadanganya. Pima kifuani, juu kidogo ya matiti, mlangoni kwenye mwanga wa mchana, usitumie taa ya saluni. Paka mistari mitatu ya rangi tofauti, subiri dakika kumi hadi kumi na tano, maana nyingine hukolea zikikauka, ndipo uchague. Halafu shusha uso uje kwenye rangi ya kifua. Makosa ya kila siku ni kupandisha shingo, kifua, mikono na mgongo vifuate uso. Hapo unapaka mwili mzima, inamwagikia kwenye shela, na kufika saa ya keki kola imegeuka ya kahawia.

Madoa ya bluu nyeusi hayafichiki kwa rangi ya ngozi peke yake, yatatokea kijivu. Tanguliza safu nyembamba ya rangi ya machungwa iliyokolea au nyekundu ya tofali, gonga kwa kidole, usisugue, iache ikamate, ndipo faundesheni juu yake.

Poda nyeupe ya kumalizia, ile inayosifiwa kwa kuondoa mng'ao, ikipigwa na flashi inarudisha mwanga na bibi harusi anatoka kwenye picha kama amemwagiwa unga wa sembe. Piga picha ya majaribio kwa flashi kabla hajatoka chumbani. Dakika moja tu.

Sasa ya hatari. Ngozi iliyokonda kwa steroidi usiiguse kwa waksi. Waksi inaondoka na ngozi, na nyama nyekundu juu ya mdomo haifunikwi na kipodozi chochote. Nyusi zitengenezwe kwa mkasi na wembe mdogo. Mvuke, skrabu, barakoa za kuchubua, zote zifungiwe kabatini hadi baada ya harusi. Gundi ya wigi isikae kwenye paji lenyewe. Tumia mpira wa ndani au ushone juu ya mabutu. Na gundi ya kope ijaribiwe nyuma ya sikio siku mbili kabla.

Kutoa vipodozi usiku: mafuta kwenye pamba, bonyeza, subiri, futa kuelekea chini. Vitambaa vya mvua vinavyouzwa kwenye pakiti vinasugua sana.

SomoWaShangani

Assalaam alaykum. Kuhusu singo niseme kidogo kwa sababu jina lake limeibwa.

Singo ya Unguja asili yake ni kusafisha, kulainisha na kunukisha. Asumini, mawaridi, mrehani, karafuu kidogo, liwa ya sandali iliyosuguliwa juu ya jiwe, vinasagwa na kuchanganywa na maji ya mawaridi mpaka ukipaka inashika. Inaachwa ikaukie mwilini, kisha inasuguliwa kwa kiganja ikidondoka vipande vipande, pamoja na taka za ngozi. Mwari hakuwa anapimwa kama amekuwa mweupe. Alikuwa anapimwa akipita, chumba kinabaki na harufu yake: udi kwenye nguo, kikuba kifuani, asumini kichwani. Siku hizi unauziwa "singo ya kung'arisha" imekorogwa na krimu, au wanatia limau. Limau na jua ni moto. Ngozi iliyopakwa limau asubuhi ikapigwa na jua la mchana inaungua na kuacha alama nyeusi za miezi.

Huyo binti wa mkorogo, asisuguliwe kwa wiki sita za kwanza. Baada ya hapo kama hakuna uwekundu wala kuwasha, apakwe liwa peke yake, nyembamba, ioshwe kwa maji kabla haijakauka kabisa. Karafuu isiwemo, inachoma ngozi nyembamba. Harufu muipe nguo na nywele, msiipe ngozi. Fukizeni shuka na mavazi kwa udi, hiyo haina ugomvi na figo za mtu.

Mikono: hina ndiyo. Piko hapana kabisa. Hina ya majani inakaa masaa manne hadi usiku kucha na inatoka nyekundu au kahawia. Piko ni dawa ya kutia nywele rangi nyeusi, inakamata haraka, na hata kwenye ngozi nzima humtoa mtu malengelenge yenye umbo la ua lilelile alilochorwa. Hina ya kahawia ikichorwa nzito kwenye vidole, vifundo vyeusi vinamezwa na ua, hakuna anayejua.

Kariakoo68

Somo nakuheshimu, ila tusiipake pwani sukari. Rangi imekuwa cheo pwani muda mrefu, pamoja na nasaba na aina ya nywele, na nyumba nyingi zilihesabu weupe wa mwana kabla hata ya kopo la kwanza la krimu kushuka bandarini. Singo haikuwa ya weupe, kweli. Ila anayesifiwa ukumbini alijulikana.

Nataka niseme la pili, kuhusu makatazo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze 1 Januari 1969: marufuku nguo fupi, mawigi, krimu za kujichubua, na suruali za kubana. Kabla hata tarehe haijafika, vijana waliwavamia wanawake Kariakoo, wakawashusha kwenye mabasi, polisi wakaingilia. Angalia aliyelipa gharama. Krimu ilikuja kwa tangazo lililomwambia mwanamke weupe ndiyo usasa. Marufuku ikaja kumwambia weupe ni aibu kwa taifa. Pande zote mbili mwili wake ulikuwa bango la watu wengine. Septemba 2018 Spika Ndugai akawapiga marufuku wabunge wanawake kuingia ukumbini na kope na kucha za bandia. Mwishoni mwa mwaka huohuo Rwanda ikaanza kuzoa mikorogo madukani. Hili la Rwanda naliunga mkono kwa sababu lilimwendea muuzaji. Hayo mengine yalimwendea mvaaji.

Marufuku peke yake haifiki nyumbani kwa sababu haigusi lugha. Kwetu mwanamke aliyeolewa vizuri "ananawiri", "anang'aa", "ameiva". Aliyeolewa vibaya "amefubaa", "amesawajika", "kapauka". Maneno hayo asili yake ni afya: kushiba, kulala, kupaka mafuta. Lakini masikioni yamehamia kwenye rangi. Ndiyo maana binti akiacha mkorogo na weusi wake ukarudi, majirani hawasomi "ameacha kemikali", wanasoma "mume hamtunzi" au "ana mawazo" au lile baya zaidi, "anaumwa". Mume mwenyewe anasikia kwamba anasemwa yeye, anaanza kununua kopo. Wapo wanaume wengi wanaolipia mkorogo kwa ajili ya heshima yao wenyewe, siyo kwa ajili ya mahaba. Hilo halitibiwi na SPF.

BossLady_Mwanza

Mimi naona mnazunguka. Kwani lazima aache? Mwili wake, hela yake. Matangazo ya kazi za mapokezi yanasema "mwenye mvuto" na wote tunajua anaitwa nani kwenye usaili. Mwanamke anasoma soko kama lilivyo, halafu mnamwita mjinga.

Kaunta_ya_Dawa

Hakuna aliyemwita mjinga, dada. Na kuhusu soko una haki. Ila "mwili wake" inaanza na kujua kilichomo, na kopo lisilo na lebo limemnyima hiyo haki kwanza.

Anayeamua kuendelea, basi haya: asipake akiwa na mimba au ananyonyesha, asipake usoni wala kwapani, asinunue kilichokorogwa, apime mkojo na shinikizo la damu kila baada ya miezi mitatu, taulo lake liwe lake peke yake. Jiki na sabuni ya unga, ambazo wengine huongeza ili "ishike", haziongezi chochote ila kidonda. Na sindano au dripu za kung'arisha azikwepe kabisa. Chupa anayotundikiwa hajui imechanganywa na nani, na hiyo inapita moja kwa moja kwenye damu.

Pili, huyo wa kwenye swali anataka kuacha. Tumjibu yeye.

Jirani_254

Salamu kutoka Nairobi. Nigusie ununuzi, kwa sababu watu wengi wanapaka mkorogo bila kujua wanapaka mkorogo.

Krimu za steroidi ni dawa, lakini kwenye maduka ya urembo utazipata zimepangwa karibu na losheni za watoto. Ukiona tyubu ya chuma ya gramu 15 au 30, jina linaloishia na -sol au -sone kwenye viambato, na muuzaji anasema "hii ni ya kutoa madoa tu", hiyo ni dawa ya cheti. Ukiona krimu yenye lebo ya lugha moja usiyoisoma, bila tarehe ya mwisho wala anwani ya mtengenezaji, rudisha rafuni. Alama ya ubora pia huigwa, kwa hiyo alama peke yake haitoshi. Kwetu nambari ya kibali cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, unaweza kuihakiki kwa simu kabla hujalipa.

Na kuna ile ya "organiki". Wengi wanaacha mkorogo wa dukani wanahamia "mkorogo wa asili" wa mitandaoni, unaong'arisha kwa siku saba. Hakuna mmea unaobadilisha ngozi kwa siku saba, tabaka la juu lenyewe linachukua karibu mwezi kujibadilisha. Kitu kikifanya kazi kwa wiki moja, jua kimetiwa kitu.

Kaunta_ya_Dawa

Sahihi kabisa. Kwa Tanzania vipodozi vilikuwa chini ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kwa sheria ya 2003, na tangu 2019 vimehamia TBS, shirika la viwango. TMDA, iliyorithi TFDA, imebaki na dawa na vifaa tiba. Anayetaka kuripoti kopo aanze TBS. Akiripoti tyubu ya steroidi inayouzwa kama losheni, ni TMDA. Watu wanazungushwa kwa sababu tu wamegonga mlango usio wao.

Mtunza_Maharusi

Nimeshika mengi. Limebaki moja ambalo Kariakoo68 amelifungua: mashangazi. Binti atapita wiki nne mbaya, na shangazi ndiye mwenye sauti nyumbani. Yeye anaambiwa nini, na nani?

SomoWaShangani

Binti asijieleze mwenyewe. Akijieleza anaonekana anabishana na wakubwa wiki chache kabla ya kuondoka, na hapo kila kitu kitaitwa kiburi. Kazi hiyo ni ya somo au kungwi, aende mapema, wiki ile ile anayoacha, kabla uso haujawaka. Aongee na mama na shangazi mmoja tu, yule mwenye neno, siyo baraza zima.

Asianze na uzuri, atashindwa, kila mtu ana macho yake. Aanze na uzazi. Aseme: "Shangazi, huyu anategemewa kuzaa. Dawa hii inakonda ngozi, akipasuliwa mshono haushiki, na ile ya sabuni inaingia kwenye figo na kwa mtoto tumboni. Tunamsafisha kabla hajaingia nyumba ya watu." Neno "tunamsafisha" linaeleweka, lina heshima, na linaifanya kazi hiyo iwe ya familia. Kisha awaambie kabisa: wiki ya pili uso utakuwa mwekundu, wiki ya nne atakuwa mweusi kwa mabaka, msishtuke, msimletee dawa ya jirani. Shangazi aliyeambiwa mapema atawanyamazisha wengine. Aliyeshtukizwa atakuja na kopo kwenye mkoba.

Kwa wakwe, kuna desturi tayari: mwari anatiwa ndani. Zamani siku nyingi, sasa hata wiki mbili ni shida, lakini sababu hiyo bado inakubalika. Asionekane sokoni, akitoka ajifunike. Hakuna atakayeuliza.

Brashi_na_Poda

Nakubali. Na kwa upande wa picha, mpigie mpiga picha mapema umwambie asimsafishe rangi kwenye kompyuta. Wengi wanang'arisha uso bila kuombwa, halafu bibi harusi anatoka mweupe kuliko kopo lilivyomfanya, na familia inabaki na picha ukutani ya mtu asiyekuwepo. Mwambie afananishe rangi na picha ya kifua iliyopigwa mlangoni mchana, ile ile mliyopimia faundesheni. Mtumie hiyo picha kwenye simu.

Mtunza_Maharusi

Sawa. Kwa hiyo Jumatatu ni daktari na kopo mkononi, mkojo siku hiyohiyo, somo kwa shangazi kabla ya Ijumaa. Waksi imefutwa kwenye oda yake, piko pia. Swali la mwisho kwa Somo: hina ichorwe siku ngapi kabla, kama vifundo ndiyo tunavifukuzia?

SomoWaShangani

Mbili. Siku ya kwanza inatoka ya machungwa, watu hukata tamaa wakaongeza piko. Muache alale nayo, akiamka aikwangue kwa mafuta ya nazi, maji yasiiguse hadi jioni. Siku ya pili inakuwa imeiva.